Mbio na Baiskeli: Je, Zoezi Moja Laweza Kusimama Mahali pa Jingine?

Umekuwapo kwa muda mrefu ubishi baina ya walimu wa michezo kuhusu baiskeli. Wapo wasemao kwamba mkimbiaji hujengwa kwa kukimbia, na kwamba anayepanda baiskeli siku ya mazoezi amejitafutia mapumziko yenye jina zuri. Wapo pia wasemao kwamba moyo haujui kama mwenyewe anakimbia au anakanyaga pedali. Maadamu unapiga kwa kasi, umepata zoezi lake, na kilomita zote zihesabiwe sawa. Ubishi huu tumeusikia katika vyumba vya walimu, viwanjani, na hata katika mabweni ya wanachuo, hasa tangu mbio ndefu za barabarani zilipoanza kuwavuta vijana wengi wa vyuoni. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba kila upande umeshika kipande cha ukweli na kukiita kizima. Tunadai pia kwamba mwalimu wa shule ya msingi, hata asiye na nia ya kukimbia umbali wowote, anayo sababu kubwa ya kuufuata ubishi huu, kwani swali lililomo ndani yake hukutana nalo kila aandikapo maandalio ya somo: je, zoezi la kitu kimoja humfaa mwanafunzi katika kitu kingine, na kwa kiasi gani?

Tumechagua mfano wa ultramarathoni, yaani mbio zinazozidi kilomita 42.195 za marathoni, kwa sababu katika umbali huo kasoro ya maandalizi haifichiki. Kijana aliyejiandaa vibaya aweza kumaliza mita 1,500 kwa ujasiri na ujana wake. Kilomita 90 hazimalizwi hivyo. Miongoni mwa mbio hizi zilizo maarufu ni Comrades ya Afrika Kusini, baina ya miji ya Durban na Pietermaritzburg. Mwanzilishi wake, Vic Clapham, alikuwa dereva wa garimoshi aliyepigana katika Vita Kuu ya Kwanza, tena alipigana huku kwetu. Alitembea na kikosi chake takriban kilomita 2,700 katika nchi iliyoitwa wakati huo Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, wakimwinda Jenerali von Lettow-Vorbeck. Aliporudi kwao alitaka wenzake waliokufa wakumbukwe kwa jambo litakaloupima mwili kama vita vilivyoupima. Tarehe 24 Mei, 1921, wakimbiaji 34 waliondoka Pietermaritzburg, na 16 tu ndio waliomaliza. (Twataja kwa kupita kwamba wapagazi wa Kiafrika waliokufa kwa maelfu katika vita hivyo, wakibeba mizigo katika njia zizo hizo, hawakukimbiliwa mbio na mtu, na katika Comrades yenyewe Waafrika weusi na wanawake hawakuruhusiwa kushiriki rasmi hadi mwaka 1975.) Siku hizi mbio hizo huwa na maelfu ya watu, na kwa kawaida mwaka mmoja hukimbiwa kwa kupanda kutoka Durban na mwaka unaofuata kwa kushuka kutoka Pietermaritzburg. Asiyefika ndani ya saa 12 hahesabiwi.

Na tufanye hesabu ambayo mwanafunzi wa Darasa la Sita aweza kuifuata. Tuseme mkimbiaji ana uzito wa kilo 60 na hatua yake ni ya mita moja. Katika kilomita 90 atakanyaga mara 90,000, yaani mara 45,000 kwa kila mguu. Mguu wa mkimbiaji utuapo chini hupokea nguvu ipatayo mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Kwa mtu huyu ni kama kuubebesha mguu mmoja mzigo wa kilo 120 hadi 180, mara 45,000. Upande wa chakula, kukimbia hutumia takriban kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito kwa kila kilomita. Zidisha 60 kwa 90, upate kilokalori 5,400. Sukari iliyohifadhiwa katika misuli na ini haizidi sana kilokalori 2,000. Zilizobaki hutoka katika mafuta ya mwili na katika kile anachokula njiani.

Hesabu hizi zatuonyesha kwamba mkimbiaji huyo anakabiliwa na mitihani miwili kwa siku moja. Upo mtihani wa pumzi na chakula, na upo mtihani wa miguu. Wabishi wetu hawaelewani kwa sababu kila upande unazungumzia mtihani mmoja.

Katika mtihani wa kwanza, baiskeli ni mwalimu mzuri kabisa. Mtu afanyapo mazoezi ya wastani ya muda mrefu, moyo hujizoeza kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, maji ya damu huongezeka, na ndani ya misuli inayofanya kazi huchipuka mishipa midogo ya damu pamoja na vile vinu vya seli viitwavyo mitokondria, ambavyo huunguza mafuta na sukari kwa oksijeni. Mabadiliko hayo hayaji kwa wiki moja. Huhitaji saa nyingi, mwezi baada ya mwezi, na hapo ndipo mkimbiaji anapokwama, kwa kuwa saa anazohitaji moyo wake ni nyingi kuliko saa ambazo miguu yake yaweza kuvumilia. Akijaribu kuzipata zote kwa kukimbia, ugoko huanza kuuma, kano ya kisigino huvimba, na mara nyingine mfupa wa mguu hupata ufa mwembamba ambao humweka nje kwa wiki sita au zaidi. Baiskeli humkopesha saa hizo. Uzito wake umekaa juu ya kiti, usukani na pedali. Mguu huzunguka tu, hauanguki. Mwanachuo aliyekimbia kilomita 25 Jumamosi aweza kukaa juu ya baiskeli saa mbili unusu Jumapili, na Jumatatu akatembea kwenda darasani bila kuchechemea. Laiti angezikimbia saa hizo mbili unusu, angeshuka ngazi za bweni kinyumenyume.

Mfano wa Mmarekani Joan Benoit wastahili kukumbukwa. Tarehe 25 Aprili, 1984, alipasuliwa goti, zikiwa zimebaki siku 17 kabla ya mbio za kuchagua timu ya Olimpiki ya nchi yake. Kwa kuwa hakuweza kukimbia, alizungusha pedali za baiskeli ya mazoezi kwa mikono. Alishinda mbio hizo za uteuzi, na tarehe 5 Agosti mwaka huo huo, mjini Los Angeles, akawa mwanamke wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki. Watetezi wa baiskeli hupenda kuutaja mfano huu, nao ni wa haki. Lakini wasisahau jambo moja: miguu ya Benoit ilikuwa na miaka mingi ya mbio ndani yake kabla ya kisu kugusa goti. Pedali ziliihifadhi pumzi iliyokwisha kujengwa. Hazikumfundisha mtu kukimbia.

Tuje sasa kwenye mtihani wa pili, ambao kwa maoni yetu ndio unaosahauliwa na wengi. Tazama mkimbiaji anayeshuka kutoka Pietermaritzburg, mji ulio mita zipatazo 600 juu ya usawa wa bahari, hadi Durban iliyo ufukoni. Asiyejua hudhani kwamba kushuka ni rahisi. Kwa pumzi, ndiyo, ni rahisi. Kwa misuli ya mbele ya paja ni mateso. Kila hatua ya kuteremka, msuli huo hujikaza ili kuzuia goti lisikunjike, na wakati ule ule unavutwa urefuke. Msuli unaorefuka huku ukijikaza huchanika nyuzi zake ndogo ndogo, na maumivu huja kesho yake na keshokutwa. Mwendesha baiskeli hafanyi kazi hiyo hata mara moja. Akanyagapo pedali, msuli wake hujikaza na kufupika tu. Na afikapo mteremko huacha kukanyaga, akaburudika kwa upepo. Kwa hiyo mtu aweza kuwa na moyo wa farasi, alioujenga kwa miezi sita ya baiskeli, na bado mapaja yake yakamwangusha kilomita ya 60 kama gogo lililoliwa na mchwa.

Habari ya mifupa ni hiyo hiyo. Mfupa hujiimarisha kwa kugongwa kwa kiasi. Wataalamu wamewapima waendeshaji baiskeli wa mashindano, watu wenye afya na pumzi ya ajabu, wakakuta kwamba mara nyingi mifupa yao ya sehemu ya chini ya uti wa mgongo si minene kuliko ya watu wasiofanya michezo, na wengine ilikuwa hafifu zaidi. Haya hayapatikani katika hoja za wale wasemao kilomita zote zihesabiwe sawa.

Hapa mwanachuo aliyesoma saikolojia ya elimu atakuwa amekwisha kuinua mkono. Mwaka 1901 Edward Thorndike na Robert Woodworth walichapisha uchunguzi wao juu ya uhamisho wa mafunzo. Wakati huo shule nyingi za Ulaya na Marekani ziliamini kwamba akili ni kama msuli mmoja: ukiinoa kwa Kilatini, itakuwa kali kwa kila kitu. Thorndike na Woodworth walionyesha kwamba zoezi la jambo moja huendeleza jambo jingine kwa kadiri tu mambo hayo mawili yalivyo na sehemu zinazofanana. Baiskeli na mbio zina sehemu zinazofanana, nazo ni moyo, mapafu, damu, matumizi ya mafuta, na subira ya kukaa kazini saa nne pasipo kulalamika. Vilevile zina sehemu zisizofanana: kutua kwa mguu, kuzuia mwili usianguke, kazi ya kifundo na kigimbi, ugumu wa mfupa, hata ngozi ya unyayo. Mkufunzi anayeuliza kama baiskeli inafaa ameuliza swali bovu. Aulize inafaa sehemu ipi.

Na hili si la michezo peke yake. Tumewaona wanafunzi wa Darasa la Pili wakiimba hesabu za kujumlisha kwa sauti tamu, na mwalimu akaandika katika daftari lake kwamba lengo limefikiwa. Kesho yake anawapa 27 jumlisha 15 kwenye ubao, nao wanaandika 312. Wimbo uliwafundisha kukumbuka mfuatano wa maneno. Haukugusa nafasi ya makumi na mamoja. Sehemu zilizofanana zilikuwa chache kuliko alivyodhani mwalimu. Hatusemi wimbo uachwe, kama vile tusivyosema baiskeli iachwe. Mtoto anayeimba huipenda hesabu, na mtoto aipendaye hesabu hukaa nayo muda mrefu zaidi. Twasema tu kwamba mwalimu ajue wimbo umebeba nini na umekiacha nini njiani.

Tukirudi barabarani, ubishi kama huu ndio uliozaa mashindano ya Ironman ya Hawaii. Watu walibishana nani mwenye mwili imara zaidi, mkimbiaji au mwogeleaji, na ofisa wa jeshi la majini la Marekani, John Collins, akaongeza kwamba alisoma habari za mwendesha baiskeli wa Ubelgiji, Eddy Merckx, kuwa huenda anawashinda wote. Wakaamua kuunganisha michezo yote mitatu. Tarehe 18 Februari, 1978, watu 15 walianza: kuogelea karibu kilomita 4, baiskeli kilomita 180, kisha marathoni nzima. Walimaliza 12, na Gordon Haller alikuwa wa kwanza kwa muda wa saa 11 na dakika 46. Washiriki wa mashindano ya namna hiyo hukubaliana kwamba ukishuka kwenye baiskeli na kuanza kukimbia, dakika za mwanzo miguu huhisiwa kana kwamba ni ya mtu mwingine. Moyo uko tayari. Miguu inatafuta somo jipya. Yeyote mwenye shaka na maelezo yetu na ajaribu mwenyewe, kwa saa moja ya baiskeli na dakika kumi za mbio.

Sasa twaweza kusema waziwazi tunavyoona mazoezi yafaa kupangwa. Tunamfikiria mtu mzima, mwenye afya, ambaye tayari hukimbia kilomita 10 bila taabu na ana miezi mitano au sita mbele yake. Katika miezi ya kwanza apumzike Jumatatu. Jumanne akimbie polepole dakika 50, Jumatano apande baiskeli dakika 90, Alhamisi akimbie dakika 60 penye vilima, Ijumaa aendeshe dakika 45 kwa ulaini, Jumamosi akimbie saa mbili unusu, na Jumapili aendeshe saa mbili. Ukijumlisha utapata dakika 260 za mbio na 255 za baiskeli, karibu nusu kwa nusu. Miezi ya mwisho nusu hiyo haitoshi. Mbio za Jumamosi zifike saa nne, na Jumapili moja katika kila mbili baiskeli ibaki nyumbani, mkimbiaji atoke kwa miguu yenye uchovu wa jana akimbie saa mbili nyingine. Ukizijumlisha wiki mbili za namna hiyo, mbio zichukue kama theluthi mbili ya muda wote. Wiki mbili au tatu za mwisho apunguze kila kitu, na asishawishike kuyafidia mazoezi aliyoyakosa mwezi uliopita.

Mteremko tuutaje peke yake. Msuli ulioumizwa kidogo kwa kuteremka hujijengea kinga, na kinga hiyo hudumu wiki kadhaa. Kwa hiyo mara moja katika kila wiki mbili au tatu mkimbiaji atafute mlima na kuushuka kwa makusudi, kidogo mara ya kwanza na zaidi mara ya pili. Hakuna baiskeli inayoweza kumfanyia kazi hiyo. Walio Lushoto au Mbeya wana bahati. Walio Dodoma mjini itawabidi watafute kilima kimoja na kukirudiarudia.

Tumetumia dakika badala ya kilomita, na tumefanya hivyo kwa makusudi. Wapo wasemao kilomita tatu za baiskeli ni sawa na moja ya mbio. Kanuni hiyo yaweza kusaidia kwa kukadiria, lakini barabara ya lami na ya vumbi si moja, na upepo una hesabu yake: ukiongeza kasi mara mbili, upinzani wa hewa huongezeka mara nne. Mwenye baiskeli nzito ya chuma isiyo na gia, yenye karia na gunia la mkaa nyuma, hufanya kazi ambayo kilomita hazisemi lolote juu yake. Vijana wa Usukumani, ambako mashindano ya baiskeli ni mchezo unaojaza watu barabarani, wanalijua hili kuliko sisi. Kipimo cha haki ni muda pamoja na mapigo ya moyo. Mwanachuo ahesabu mapigo yake kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa nne. Atakuta kwamba kwa jitihada ile ile mapigo juu ya baiskeli aghalabu ni pungufu kwa matano hadi kumi kuliko akimbiapo, kwa sababu misuli michache zaidi inafanya kazi na mwili haujibebi, asilazimishe yalingane.

Kuhusu maji tutasema kwa kifupi. Kiu ni kiongozi mzuri. Miaka ya 1980 daktari wa Afrika Kusini, Tim Noakes, alieleza jinsi wakimbiaji wa mbio ndefu mno walivyougua kwa kunywa maji kupita kiasi hadi chumvi ya damu ikapungua kwa hatari. Kabla ya hapo wengi walidhani hatari ni moja tu, ya kukauka.

Yote tuliyoyasema yahusu watu wazima. Mtoto wa shule ya msingi haandaliwi kwa ultramarathoni, na mwalimu atakayejaribu kufanya hivyo azuiwe na Mwalimu Mkuu. Mifupa yake ingali inarefuka, na sehemu zile laini za ncha za mifupa zinazokua huumia upesi kwa kugongwa mno. Hata hivyo kila ifikapo majira ya UMITASHUMTA tunawaona walimu, tena wenye nia njema, wakiwakimbiza watoto kuzunguka uwanja kila alfajiri na kila jioni, kana kwamba kukimbia ndilo zoezi pekee lililoumbwa. Mtoto akisema ugoko unamuuma, huambiwa mvivu. Twawaomba wanachuo wanaokwenda mazoezi ya kufundisha walitazame neno hilo kwa shaka. Maumivu ya mfupa si uvivu, wala hayaponi kwa fimbo.

Kabla ya kumwongezea mtoto zoezi, mwalimu ahesabu zoezi alilokwisha kulifanya. Mtoto anayekaa kilomita 5 kutoka shuleni hutembea kilomita 10 kwa siku, na 50 kwa wiki, nyingine akikimbia kwa kuogopa kuchelewa, nyingine akiwa na dumu la maji kichwani. Watu wazima wengi wanaojiandaa kwa marathoni hawafiki hapo. Halafu mtoto huyu akichelewa dakika kumi, adhabu yake ni kuzunguka uwanja mara sita! Hatujaona katika shule zetu desturi inayoharibu somo la michezo kuliko hii. Mwalimu huyo huyo, kipindi cha saa tano, atasimama mbele ya darasa na kueleza kwamba mbio ni furaha na afya. Watoto si wajinga. Jambo linalotolewa kama adhabu asubuhi hawalipokei kama zawadi mchana.

Mchanganyiko wa mazoezi unamfaa mtoto hata zaidi ya mtu mzima, na uchunguzi mmoja mdogo waeleza kwa nini. Mwaka 1978 Kerr na Booth walichapisha habari za watoto wa miaka minane waliofundishwa kurusha vifuko hadi kwenye shabaha. Kundi moja lilirusha kutoka umbali wa futi 3 peke yake. Kundi la pili lilirusha kutoka futi 2 na futi 4, na halikugusa futi 3 kamwe. Baada ya wiki 12 wote walijaribiwa kwa futi 3, na kundi la pili ndilo lililofanya vizuri zaidi. Wala jambo hili halimpingi Thorndike. Kurusha ni kurusha, sehemu zinazofanana zilikuwa nyingi. Kilichobadilika ni kipimo, na mtoto akalazimika kufikiri kila mara badala ya kurudia kama mashine. Vifuko vya mchanga hushonwa kwa vitambaa vikuukuu, na kipindi kimoja chatosha kuvishona. Mwalimu aliye na vifuko 20, kamba mbili, mlima mdogo nyuma ya shule na baiskeli ya kuazima, ana mazoezi ya mwaka mzima.

Siku hizi za bodaboda, baiskeli imeanza kuonekana chombo cha maskini, na hata baadhi ya wanachuo huona haya kuonekana juu yake. Sehemu nyingine tatizo ni jingine: msichana akipanda baiskeli husemwa na majirani. Mwalimu mgeni kijijini asiupuuze usemi huo wala asiusalimie amri. Aende kwa wazazi kwanza, aeleze kipindi kitakuwaje, aruhusu suruali ya michezo ndani ya sketi, na azamu ya wasichana iwe yao peke yao mpaka wazoee. Shule isiyofanya hivyo huishia kuwa na wavulana kumi wanaojua baiskeli na wasichana thelathini wanaojua kushika saa na kuandika matokeo ya wavulana.

Kwa yule atakayetaka kuanzia mahali, tunapendekeza kipindi kimoja cha sayansi na hesabu pamoja, kwa Darasa la Tano au la Sita. Wanafunzi wahesabu mapigo ya moyo wakiwa wamekaa. Kundi la kwanza likimbie polepole dakika tatu. Kundi la pili litembee haraka dakika tatu. Katika kundi la tatu, mmoja mmoja aendeshe baiskeli kwa muda huo huo kuzunguka uwanja. Kila mmoja ahesabu tena mara amalizapo, na tena baada ya dakika mbili. Namba ziandikwe ubaoni, wanafunzi watafute wastani, kisha waulizwe: ni zoezi lipi lililopandisha mapigo zaidi, miguu ya nani imechoka wapi, na kwa nini aliyeendesha baiskeli ameonyesha paja ilhali aliyekimbia ameonyesha kigimbi? Majibu yatatofautiana, hasa baina ya wanaokaa mbali na wanaokaa karibu na shule, na tofauti hiyo yafaa ijadiliwe kabla ya kengele. Kundi la baiskeli litachukua muda mrefu zaidi, kwa hiyo lianze mapema, kabla hata ya hesabu ya mapigo ya kukaa haijakamilika kwa wengine, na wanafunzi sita au saba katika kundi hilo watatosha. Baiskeli moja yafaa kwa darasa la watoto 45, ikiwa kiti kimeshushwa na breki zimejaribiwa kabla ya kipindi.